Nguo ya Kwendea Kuomba Kazi

Sisi wa reli hupewa yunifomu tukisha kuandikwa. Je, mama anayekwenda kuomba kazi avae nini, naye mshahara bado hajauona?

Katika miaka ya 1990 huko New York, Marekani, mwanafunzi wa sheria, Nancy Lublin, alipata urithi wa dola 5,000. Hakuzila. Aliwaendea watawa watatu waliojua shida za maskini, wakaanzisha Dress for Success. Chama hicho hupokea nguo nzuri zilizotolewa bure, huwapa wanawake wanaotafuta kazi. Mama hupata suti ya kwendea intavyu. Akiandikwa, hurudi kuongezewa nguo za kazini.

Twapenda hasa hili: hatupiwi furushi. Huchagua, hujaribu, na yuko mtu wa kumsaidia. Gauni lililopasuka kwapani halimpi mtu kazi. Huko ni kuhamisha takataka zetu nyumbani kwa mwingine.

Basi twaomba tawi letu lianze na kabati moja tu ofisini, kwa wajane na mabinti wa wanachama. Leteni sketi, blauzi, viatu. Vimefuliwa, vifungo vyote vipo. Wakaguzi wawe akina mama wenyewe. Mkutano ujao tutauliza nani ameleta nini.