Mbegu ya Ruiru 11 Haichumwi kwa Jirani

(Mazungumzo na vikundi vya Thika na Ruiru)

Leo nataka kuwaambia kosa letu, ili lisiwe lenu.

Kila mkulima hapa anaijua CBD, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa. Mvua ndefu ikija na baridi, tunda bichi linapata doa jeusi lililobonyea, kisha linaanguka au linakaukia mtini. Hapa Kenya ulionekana mara ya kwanza mwaka 1922. Mwaka mbaya, asiyepiga dawa anaweza kupoteza hata debe 8 kwa kila 10. Na dawa ni pesa! SL28 ya wazee wetu haina kinga.

Ndiyo sababu watafiti wa Ruiru walitoa Ruiru 11 mwaka 1985. Inastahimili CBD, na kutu ya majani pia.

Basi kikundi chetu kikaanza kitalu. Tukasema, ya nini kununua mbegu na jirani anayo Ruiru 11 nzuri? Tukachuma, tukapanda, tukagawana miche. Tukangoja miaka mitatu. Mingine ikarefuka, mingine ikabaki mifupi, na mvua ilipokuja, mingi ikashikwa na doa lile lile.

Kwa nini? Ruiru 11 ni mahuluti, kama yale mahindi ya dukani. Watafiti huchukua chavua ya mti mmoja, wakaipaka kwa mkono kwenye maua ya mti mwingine uitwao Catimor. Ukipanda mbegu ya mtoto wao, kinga inatawanyika: mche huu unayo, ule hauna. Na kwa macho huwezi kutambua.

Sasa tufanye hivi. Mbegu au miche tununue kwa kituo cha utafiti Ruiru au kitalu kilichoidhinishwa, na risiti tuiweke. SL28 ya mzee usiing'oe, ibebeshe. Kata kichipukizi cha wima cha Ruiru 11, au cha Batian iliyotolewa 2010, ukifunge juu ya shina la zamani. Kichipukizi si kama mbegu. Kinabeba kinga yote ya mti wake. Anayebaki na SL28 apogoe, aondoe matunda meusi, na apige kopa kabla mvua ndefu haijaanza.

Pesa ya mbegu mtaipata tena. Ile miaka mitatu sisi hatukurudishiwa. Haya, nani ana swali?