Mali Bila Daftari: Kuchagua Kompyuta ya Kukusanya Faili za Familia

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wakazi, katika ukumbi wa maktaba)



Leo sikuja kuzungumzia barabara wala zahanati. Nimekuja kuzungumzia zile laptopu kuukuu zilizo juu ya kabati, flashi zilizomo kwenye kopo la biskuti na simu zilizovunjika kioo. Humo ndimo tulimoweka picha za harusi na maziko, vyeti vilivyoskaniwa, makubaliano ya shamba, stakabadhi za chama na risiti za karo. Mzee anapotutoka na familia ikaanza kufuatilia urithi, ndipo tunapogundua kwamba hakuna anayejua kipi kiko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo ulio kwenye kompyuta nyingi za nyumbani. Kompyuta hizo bado zinawaka, lakini zisipopata masasisho ya usalama huwa hatari kuziunganisha na intaneti. Kwa hiyo familia nyingi zinajiuliza: tuhamie wapi? Kuna njia tatu kuu.

Ya kwanza ni Windows 11. Mafundi wengi mitaani wanaifahamu na programu zake ni nyingi. Tatizo ni kwamba haikubali kila mashine. Inahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka wa 2018 haziko katika orodha yake. Ukinunua laptopu ya mtumba, usiridhike na maneno ya muuzaji. Mwambie aiwashe mbele yako na akuonyeshe kwamba inatimiza masharti hayo.

Ya pili ni Mac ya kampuni ya Apple. Ni mashine imara, na wenye simu za iPhone watahamisha picha kwa urahisi. Lakini bei yake ni ya juu na si kila fundi anaweza kuitengeneza.

Ya tatu ni Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint. Haina malipo, na inaweza kufufua ile laptopu iliyokataliwa na Windows 11. Inasoma diski za Windows, na programu yake ya LibreOffice hufungua barua nyingi za zamani za Word. Hata hivyo, anayeitaka anahitaji kijana au fundi wa karibu anayeielewa.

Basi ipi bora? Jibu langu ni hili: chagua ile ambayo watu wawili nyumbani kwako wanaweza kuitumia bila kumpigia mtu simu. Kompyuta inayoeleweka na mtu mmoja tu ni sanduku lenye ufunguo mmoja.

Kabla ya kuhamisha chochote, zingatieni mambo manne.

Kwanza, diski ya nje. Diski iliyotayarishwa kwa mtindo wa Windows uitwao NTFS, Mac huisoma lakini kwa kawaida haiandiki ndani yake. Diski ya Mac nayo Windows haiifungui bila programu ya ziada. Mwambie fundi atayarishe diski mpya kwa mtindo wa exFAT, unaokubaliwa na mifumo yote mitatu. Lakini asiguse diski yenye faili, kwa sababu kazi hiyo hufuta kila kitu kilichomo.

Pili, nakala. Faili moja iwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Moto, mafuriko au mwizi akija, hachagui. Nakala ya nje yaweza kuwa diski kwa ndugu wa mji mwingine, au akaunti ya mtandaoni. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua pepe, picha na faili zenu nyingine. Pia akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Flashi ni ya kubebea faili, msiitegemee kuwa ghala.

Tatu, ufunguo. Kompyuta nyingi za sasa hufunga diski kwa siri. Kwenye Windows, ufunguo wa kuirejesha una tarakimu 48. Mwenye mashine akifariki bila kumwachia mtu nenosiri wala ufunguo huo, picha na hati zote zinaweza kupotea ingawa mashine ni nzima. Andikeni kwenye karatasi, na ikae pamoja na hati muhimu za familia.

Nne, mpangilio. Folda zianze kwa mwaka, kwa mfano “2009 Harusi ya Mjomba”. Watu waliomo pichani waandikwe majina wakati nyanya na babu wangali nasi kuwataja. Hakuna kompyuta itakayowakumbuka kwa niaba yenu.

Nimalizie kwa tahadhari mbili. Nakala ya kompyuta haichukui nafasi ya hati halisi, kwa hiyo hatimiliki, vyeti na wosia msivitupe baada ya kuviskani. Na msiuze wala kugawa mashine ya zamani mpaka muwe mmefungua faili kadhaa kwenye ile mpya, mkahakikisha nakala zote zipo, kisha diski ya zamani ikafutwa kabisa. Mkiskani kwenye saiba, hakikisheni hamkuacha nyaraka zenu kwenye kompyuta ya watu.

Anzeni Jumamosi hii na kifaa kimoja tu, kile kilicho kikuukuu zaidi, kwa kuwa ndicho kinachoelekea kufa kwanza.