Mwito na Neno



Wahenga walisema: Usikatae wito, kataa neno. Mithali hiyo yafaa sana katika mambo ya wanadamu. Lakini katika Maandiko Matakatifu, aitwaye na Mungu hutakiwa kukubali wito na neno pia. Musa aliitwa akichunga kondoo wa mkwewe. Petro na Andrea wakitupa nyavu. Mathayo akiwa ameketi forodhani. Kila mmoja alikuwa na kitu mkononi, ikampasa kuamua atakifanyia nini.

Watu wa Kisii na Nyamira wana mfano ulio karibu nao. Jimbo Katoliki la Kisii lilipoanzishwa mwaka 1960, askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga. Yeye hakuwa Mgusii. Alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wabukusu, mwana wa Chifu Sudi Namachanja. Cheo cha baba yake kilikuwa mbele yake, lakini alichagua upadre, akapadrishwa Roma mwaka 1950. Hivyo mtu aliyeacha kiti cha ukoo wake alipewa kuwachunga Wagusii na Wajaluo. Mwaka 1973 akawa Kardinali wa kwanza wa Kenya, naye alifariki mwaka 2003.

Je, kila aitwaye ni sharti aache kazi yake? La. Injili ya Luka haisemi kwamba Zakayo aliacha kutoza ushuru. Yasema aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Mathayo aliinuka kitini. Zakayo alisafisha hesabu zake. Wote wawili waliitika.

Basi karani apimaye majani ya chai huko Nyamira aweza kuitika kwa kuandika kilo zile zile zilizoonyeshwa na mizani. Mchuuzi wa soko la Daraja Mbili aweza kuitika kwa kipimo kilichojaa. Na yule aliyesogeza mpaka wa shamba la ndugu yake aweza kuurudisha mahali pake, hata kama hakuna aliyemwona usiku ule.

Kuitika kwa mdomo ni kwepesi, iwe Jumamosi kwa Wasabato au Jumapili kwa wengine. Ibada ikiisha, mizani ingali sokoni na mpaka ungali shambani. Hapo ndipo neno hungoja jibu.