Kambale Chini ya Mlima Meru

Samaki wa jamii ya kambale, kuanzia kambale mkubwa wa mabwawani hadi gogogo mdogo wa maziwa makuu, wana sifa mbili zinazopaswa kutawala kila uamuzi wa mtu anayekusudia kuwafuga katika akwariamu, yaani tangi la kioo la kutunzia samaki hai: wengi wao hawana magamba, na sehemu kubwa ya maisha yao hupita chini, wakipapasa sakafu ya mto au ziwa kwa masharubu yaliyojaa viungo vya kuonja. Kwa hiyo starehe ya kambale haipimwi kwa uzuri wa tangi machoni pa mgeni aliyeketi sebuleni, bali kwa sakafu anayoilalia na kwa maji yanayoigusa ngozi yake moja kwa moja. Katika jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, maji, mchanga, mawe, baridi na hata wepesi wa hewa hutokana na mlima, na mfugaji asiyeujua mlima huo atahangaika sana na samaki wake.

Jambo la kwanza ni kumchagua kambale anayefaa. Kambale anayefugwa mabwawani kwa ajili ya chakula, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus, huweza kupita urefu wa mita 1, na ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, ndiyo maana huonekana akipanda kupumua na hata kutambaa kwenye nyasi zenye umande. Kumfungia samaki wa namna hiyo katika tangi la lita 100 ni kumtesa, hata kama siku anaponunuliwa ana urefu wa kidole. Wanaofaa zaidi ni gogogo, samaki wa jenasi ya Synodontis, ambao wavuvi wa kanda ya ziwa wanawafahamu vizuri. Synodontis afrofischeri wa Ziwa Victoria hufikia takriban sentimeta 15, na Synodontis multipunctatus wa Ziwa Tanganyika, aliyepewa jina hilo na mtaalamu wa samaki Boulenger mwaka 1898, ana tabia ya ajabu ya kuyachanganya mayai yake na ya samaki wanaoatamia mdomoni, ili vifaranga wake walelewe na mama asiye wao, wakiwala watoto halisi wa mama huyo. Samaki hawa hupenda kuishi katika kundi, hivyo tangi la lita 200 kwa gogogo watano wadogo ni mwanzo wa haki kuliko tangi dogo lenye mmoja anayejificha siku nzima.

Maji ndiyo yanayostahili kufikiriwa kwa muda mrefu zaidi. Meru ni volkano, na maji ya chemchemi zake nyingi, yakiwa yamepita katika miamba ya volkano, hubeba madini ya sodiamu na bikaboneti pamoja na floridi, madini yaleyale yanayoyatia meno ya wakazi wengi wa maeneo hayo rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji ya kunywa, lakini baadhi ya vyanzo vya Meru hukipita kiwango hicho mara kadhaa, na katika maziwa ya Momella floridi huhesabiwa kwa mamia ya miligramu. Kuchemsha hakuiondoi floridi, bali huizidisha kwa kuwa maji hupungua huku madini yakibaki. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, au kuchanganya maji hayo na maji ya mvua ya masika yaliyokingwa kwenye bati safi. Hata hivyo, maji ya mvua peke yake hayafai, kwa sababu hayana madini ya kuzuia pH, yaani kipimo cha uchachu na ualkali ambacho 7 ndiyo katikati yake, isiyumbe ghafla. Maji ya bomba nayo, kwa kuwa hutiwa klorini ya kuua vijidudu, hayana budi kuachwa wazi kwenye ndoo walau siku nzima, yakipulizwa hewa, kabla ya kumiminwa tangini.

Ualkali unaoletwa na bikaboneti ya maji ya Meru una upande wake mzuri, kwani maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yana pH iliyo karibu na 9, na gogogo wa huko hawayaogopi maji ambayo yangewadhuru kambale wadogo wa mito ya Amerika Kusini. Lakini una hatari ambayo haitajwi vya kutosha. Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inavyokuwa katika umbo lenye sumu: kwa maji yenye nyuzi joto 25, sehemu hiyo haifiki asilimia 1 pH ikiwa 7, hukaribia asilimia 5 ikifika 8, na huzidi theluthi moja ikifika 9. Uchafu uleule ambao samaki wa kwingineko wangeuvumilia unaweza kumuua kambale wa Arusha kwa usiku mmoja. Kinga yake ni bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali, nao huhitaji wiki nne hadi sita kustawi ndani ya chujio kabla tangi halijapokea idadi kamili ya samaki. Hapo mlima unatoa zawadi, kwa kuwa mawe mepesi ya volkano yenye matundu mengi, yakioshwa vizuri na kuwekwa ndani ya chujio, huwapa bakteria hao makao mapana yasiyogharimu chochote.

Mawe hayohayo, hata hivyo, hayafai kabisa kuwa sakafu. Kingo zake ni kali, na kambale anayechimbua kwa masharubu juu yake huyachubua hadi yakaoza na kukatika, akabaki kama mtu aliyepoteza vidole na ulimi kwa pamoja. Mchanga mweusi wa mitoni nao una chembe zenye pembe, kwa hiyo kabla ya kuutumia ni vyema kuusugua mgongoni mwa mkono. Ukikwaruza ngozi ya binadamu, utaikwaruza ya kambale pia. Mchanga laini wenye chembe za mviringo, kina cha sentimeta 4 au 5, unatosha. Juu yake vipangwe vipande vya magogo yaliyolowekwa hadi yakaacha kutoa rangi, vyungu vya udongo vilivyolazwa ubavu, na mawe laini yaliyokaa imara juu ya kioo chenyewe na si juu ya mchanga, ili samaki anayechimba asijiangushie paa. Maficho yazidi idadi ya kambale, na taa iwe hafifu.

Arusha iko kwenye kimo cha takriban mita 1,400, ambako kanieneo la hewa ni kama asilimia 85 ya lile la pwani, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa uwiano huohuo. Ndiyo maana pampu ya hewa ni ya lazima. Miezi ya Juni hadi Agosti joto la usiku mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 15, ilhali gogogo wa maziwa makuu huhitaji nyuzi 24 hadi 27, basi hita ya wati 1 kwa kila lita ya maji haikwepeki, na pampu inayotumia betri pamoja na blanketi la kufunika tangi viwekwe tayari kwa saa ambazo umeme umekatika.

Chakula kitolewe taa zikizimwa, kwa sababu kambale wengi hula usiku. Kambale asikamatwe kwa wavu, kwani miiba ya mapezi yake hujifunga na kunasa humo, atumiwe bakuli. Tangi lisiwekwe kando ya spika ya redio, maana kambale ana vifupa vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio, na husikia vizuri kuliko samaki wengi.

Na pale ambapo samaki amelizidi tangi, mfugaji wa Arusha, Tengeru au Usa River anaombwa kwa dhati asimwachie mtoni wala katika Ziwa Duluti. Sangara alipopandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, furu wa aina nyingi, samaki wa asili wa ziwa hilo, walitoweka baadaye, na samaki anayeachiwa Arusha anaweza kufika mbali, kwa kuwa maji ya mto Themi huingia mto Kikuletwa, yakafika bwawa la Nyumba ya Mungu na hatimaye mto Pangani. Atafutiwe mfugaji mwingine mwenye tangi kubwa zaidi.