Hotuba ya Kuwakumbuka Askari Waliozama Baharini

  

Mjini Jinja, ilipokuwa kambi ya K.A.R., yako makaburi ya askari wa vita, na mwenye ndugu yake pale hujua mahali pa kusimama akamwombea. Lakini wako askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi hata moja, nao ndio wanaotajwa leo.

Mwanzoni mwa Februari 1944, mwezi wa Safar 1363, meli tano za kuchukua askari ziling'oa nanga Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, na jina hilo ni la mtawala wa Misri wa karne ya 19. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500: askari wa mizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, mabaharia, na wauguzi wa kike. Jumamosi tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, I-27, iliipiga kwa topido mbili. Hata dakika tatu hazikutimia, meli ikazama.

Waliowahi kuruka wakawa wanaelea, na adui amejificha chini yao. Manowari za Kiingereza, Paladin na Petard, zilikuwa hazina budi kumwangamiza kabla hajazipiga meli zilizosalia. Zikatupa mabomu ya chini ya maji pale pale penye watu, na baadhi ya waliookoka na topido wakafa kwa mabomu ya upande wao wenyewe. Walioopolewa hai ni 214 tu. Waliokufa wakaribia 1,300.

Wako wasemao: hao walipigana vita vya mfalme wa Kiingereza, basi wana daraja gani? Jawabu ni kwamba Mtume (S.A.W.) amemhesabu Mwislamu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi, wala hakuuliza chombo alichopanda ni cha nani. Nia iliyokuwa moyoni anaijua Mola wake. Naye si kama shahidi wa vitani katika hukumu za maziko: huoshwa na husaliwa kama maiti wengine, akipatikana.

Hawa hawakupatikana. Katika madhehebu ya Imam Shafi sala ya ghaibu yajuzu, kwa kuwa Mtume alimsalia Najashi naye yu mbali. Lakini wanavyuoni wameshurutisha kwamba msaliji awe alikuwa mwenye kulazimika kusali siku alipokufa yule maiti. Basi kijana wa leo hawezi kuwasalia watu wa 1944. Mlango huo umekwisha kufungwa kwake. Iliyobaki ni dua na sadaka.

Wala kukosa maiti si huzuni ya moyo tu. Mke wa aliyepotea haolewi, na mali yake hairithiwi, mpaka mauti yathibitike au Kadhi ahukumu. Ndiyo maana jina lililoandikwa lina uzito katika sheria kama lilivyo na uzito kwa mama mzazi. Waliozama na Khedive Ismail wameandikwa katika ukumbusho wa Afrika Mashariki, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Wapagazi wa vita vya 1914–1918 wengi hawakupata hata hilo: mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina yao.

Mwenye babu aliyeondoka Kilindini mwaka ule na asirudi, au babu wa babu aliyebeba mizigo ya vita vya kwanza, alilete jina kwa katibu wa chama kabla ya khitma, pamoja na jina la baba yake, lipate kusomwa.