Seva ya Saa Isiyofikika kwa Mbali: Tulitafute Jibu Linakopotelea

Mada kwa semina ya wasimamizi wa mitandao

1. Utangulizi

Sote tunaifahamu NTP: itifaki ya kulinganisha saa za kompyuta, iliyoasisiwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani. Hupita kwenye UDP, poti 123. Seva ya ngazi ya 1 huchukua saa kwenye chanzo kama GPS. Ngazi ya 16 maana yake saa haijalinganishwa. Hayo yatosha.

2. Tatizo lenyewe

Makao makuu seva inajibu. Tawi la mbali linauliza, halipati kitu. Ntpq -p inaonyesha reach 0 badala ya 377. Idara ya usalama inasema poti iko wazi, wa seva wanasema huduma inafanya kazi, mtoa intaneti anasema laini ni nzima. Simlaumu yeyote, kwani kila mmoja huenda anasema kweli kuhusu kipande chake. Lakini saa za tawi zinazidi kupotoka, na Kerberos kwa kawaida hukataa watumiaji, tofauti ya saa ikizidi dakika 5.

Kwa miaka mingi nimeona kesi hizi zikifungwa kwa vipimo visivyohusika. Ping hupima ICMP, telnet hupima TCP. UDP 123 haijaguswa.

Kwa hiyo tunase pakiti kwa tcpdump pande zote mbili kwa wakati mmoja. Matokeo yanaweza kuwa manne:

(a) Swali halifiki kwenye seva: limezuiwa njiani.
(b) Linafika, seva iko kimya: chrony haihudumii wateja mpaka iandikiwe allow, ntpd huenda ina restrict yenye ignore.
(c) Jibu linatoka kwa anwani nyingine, seva ikiwa na kadi mbili za mtandao, mteja analitupa.
(d) Jibu linatoka sawasawa, halifiki. Hili ndilo sugu. Baada ya mashambulizi ya 2013 na 2014 yaliyotumia amri ya monlist ya NTP, baadhi ya watoa huduma walibana UDP 123. Ikiwa ntpdate -u inajibiwa huku ntpd haijibiwi, shuku kichujio kinachozuia pakiti zinazotoka poti 123 kwenda poti 123.

3. Mapendekezo

1. Ping na telnet zisikubaliwe kama ushahidi.
2. Ombi la kufungua poti litaje UDP, pamoja na njia ya kurudi.
3. Pakiti zinaswe pande zote mbili kabla ya kumwita mtoa huduma.
4. Seva yenye kadi mbili ijibu kwa anwani iliyoulizwa.
5. allow na restrict zitaje mitandao ya matawi tu, monlist izimwe.
6. Kila tawi liwe na vyanzo visivyopungua vinne, ili chanzo kinachopotosha kitambulike.
7. Reach ifuatiliwe kila siku.
8. Kesi isifungwe mpaka jibu lionekane limefika kwa mteja. Idara ya usalama, wa seva na mtoa intaneti watie saini hapo, siyo kabla.