Pita Kituo Kimoja



Kama unavuka kutoka Kigamboni kila siku kama mimi, unaijua dakika ile pantoni inapofika Magogoni. Mlango wa chuma unashuka, watu wanamwagika, na kila mmoja anakimbilia usafiri: huyu bodaboda, yule bajaji, wengine kituo cha mwendokasi cha Kivukoni. Kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wao. Nilitoka kwenye benchi la pantoni nikaingia kwenye kiti cha basi, nikatoka hapo nikaenda kwenye kiti cha ofisini Kariakoo, ninakoshika hesabu, nikaketi mpaka jioni.

Mwaka jana nilipimwa presha, ikasoma 158 kwa 96. Nikapimwa tena siku nyingine mbili, ikawa haijashuka sana. Daktari akaniambia nipunguze uzito na chumvi, na nifanye mazoezi. Neno hilo lilinichosha kabla sijaanza. Nilishawahi kununua raba, nikakimbia ufukweni alfajiri tatu, magoti yakauma, nikaacha. Najua wengi mnaonisikiliza mmepita njia hiyo hiyo, na mkaamini kwamba mazoezi ni ya watu wengine. Leo nazungumza na ninyi mnaosita.

Simameni pale soko la samaki Feri asubuhi, mnada ukiwa umepamba moto. Kijana anapita mbio na tenga begani, maji ya chumvi yakimchuruzika mgongoni. Mama amenunua vibua, ndoo iko kichwani, anaanza safari ya mtaa kwa mtaa. Hawa hawahitaji kuhubiriwa mazoezi. Wanahitaji kupumzika na kula vizuri. Lakini hatua mbili kutoka hapo ameketi mwenye mali na daftari lake, na ataketi hivyo mpaka soko litulie. Samaki ni wale wale, chai inatoka kwenye birika moja, ila miili yao haiishi maisha mamoja.

Jambo hili lilichunguzwa London zamani. Mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na kondakta walikuwa kwenye basi moja, barabara moja. Dereva aliketi, kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikusanya nauli. Ikaonekana kwamba makondakta walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva. Makondakta wale hawakwenda uwanjani kujinyoosha. Ngazi ilikuwa ndani ya kazi yao.

Nami nikajiuliza: ngazi yangu iko wapi? Nikaiona kati ya Feri na Kariakoo.

Wiki ya kwanza nilifanya jambo moja tu. Nilikipita kituo cha Kivukoni, nikatembea na bahari mkono wa kushoto, nikapanda basi Posta ya Zamani. Wiki ya tatu nikasogea mpaka Kisutu. Mwezi wa pili nikawa nakatiza Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo kwa miguu, dakika 40 kwa mwendo wangu. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Zamani lilitaka tuhesabu mwendo uliofika dakika 10 mfululizo, lakini mwongozo wa mwaka 2020 ukaliondoa sharti hilo. Kila dakika inahesabika, hata zile mbili za kwanza zinazokukera.

Chakula nacho nilikianza hivyo hivyo, kidogo kidogo. Siku moja nilimwambia mama lishe, "Mama, leo nipe wali nusu, mchicha uongeze." Akashika upawa hewani, akaniangalia. "Unaumwa, baba?" Nikamjibu, "Siumwi, mama. Nahofia kuumwa." Tangu siku ile ananipakulia hivyo bila kuambiwa, na samaki wangu ni wa mchuzi. Inasikitisha kwamba samaki anatoka baharini alfajiri, mzima na mtamu, kisha tunamzamisha kwenye mafuta meusi ya tangu jana. Chai yangu ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari. Nilikaa na viwili mwezi mzima, sasa ni kimoja. Na chumvi, msikilizaji, inatakiwa isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Ile tunayonyunyiza mezani inakuja juu ya hiyo.

Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Lilikuwa wazo jema, na nawaheshimu wanaolitekeleza. Lakini Jumamosi hizo ni 12 tu kwa mwaka, na mwili hauishi kwa Jumamosi. Unaishi Jumatatu, foleni ikiwa ndefu na bosi akipiga simu. Kwa hiyo naziomba mamlaka za jiji: tuachieni njia za waenda kwa miguu. Kariakoo zimejaa bidhaa na pikipiki, mpaka anayetaka kutembea anasukumwa barabarani kati ya magari.

Kama una presha, kisukari au maumivu ya kifua, muone daktari kabla ya kuanza, na dawa usiziache. Mimi mwezi uliopita nilisoma 138 kwa 86. Safari bado ni ndefu, na daktari ananifuatilia.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Nilikuwa nikilisikia neno hilo kama lawama. Wiki iliyopita mvua ilinikuta Feri, nikapanda mwendokasi. Tulipokaribia Posta ya Zamani mvua ikakatika, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshasimama mlangoni. Nikashuka, nikaendelea kwa miguu kwenye lami iliyolowa. Basi, hata mazoea mema yana taabu kuyaacha.

Kesho, ndugu yangu, mlango wa pantoni ukishuka, usikimbie. Pita kituo kimoja tu.